Dokta wa Ng'ambo

Kwetu Maniema, huku mashariki mwa Kongo, cheo hakingoji shahada. Mtoto akifaulu Exetat, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, humwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka nyusi zipotee. Mtaa hupiga vigelegele, na kabla hajaoga majirani wameshauliza atasoma nini chuo kikuu. Jibu atakalotoa ndilo jina lake jipya. Akisema sheria, kuanzia jioni hiyo ni Maître, kama wakili aliyezeekea mahakamani. Akisema kilimo, ni Enjenia, hata kama jembe hulishika kwa kufukuzwa. Mimi nilisema udaktari. Nilikuwa na miaka kumi na minane, mtoto wa Kibombo, na neno Dokta likapanda nami gari moshi kuja chuoni Kindu. Nadhani tiketi yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, maana lilifika kabla yangu.

Baba alikuwa amempigia simu mama mwenye nyumba niliyopangishiwa. Angeweza kumweleza kwamba mwanawe hali pilipili, au kwamba hajawahi kupika sufuria ya mchele bila kuunguza. Alimwambia tu, "Mama, ninakuletea dokta." Basi nilipoingia uani, begi likiwa bado begani, nilikuta mkeka umetandikwa chini ya mwembe na juu yake wamekaa dada wawili wa mama huyo, mmoja na mguu uliovimba, mwingine na kikohozi alichokuwa amekitunza tangu msimu wa mvua. Walikuwa wamesubiri tangu asubuhi. Nilidhani ni wageni wa harusi.

Nyumba yenyewe ilikuwa Alunguli. Kwa asiyeijua Kindu: mji umekatwa na mto Lualaba. Upande wa kushoto kuna komini za Kasuku na Mikelenge, ofisi za mkoa, kituo cha mwisho cha reli itokayo kusini, na chuo nilichokwenda kusoma. Upande wa kulia kuna Alunguli, kwenye vyumba vya bei nafuu. Daraja hakuna. Mwanafunzi wa Alunguli huamka na jogoo, hushuka gatini, hupanda mtumbwi wenye injini pamoja na baiskeli, kuku, magunia ya mchele na akina mama wa sokoni, kisha huvuka mto ambao akiuangalia sana atakumbuka kwamba hajui kuogelea. Mimi sikuuangalia. Nilikuwa nasoma kemia, au najifanya nasoma.

Hapo ndipo penye shida ya cheo changu. Mwaka wa kwanza wa udaktari hauna mgonjwa hata mmoja. Una fizikia, una kemia, una biolojia, una hesabu za takwimu. Nilijua atomu ya kaboni imejengwaje. Sikujua mtoto wa miaka mitatu mwenye homa hupewa nini, wala hakuna mwalimu aliyekuwa na haraka ya kuniambia. Lakini mtaa haukuwa na habari ya atomu. Mtaa ulikuwa na malaria.

Nikajitungia dawa moja ya magonjwa yote. Aliyekuja na homa, na jipu, na mgongo, na ndoto mbaya, nilimtazama machoni, nikatikisa kichwa polepole kama nilivyoona madaktari wakifanya, nikamwambia, "Kunywa maji mengi, halafu nenda kituo cha afya sasa hivi." Wakaenda. Kituoni kulikuwa na muuguzi, mama mmoja aliyekuwa kazini tangu kabla mimi sijazaliwa, naye akawapima, akawapa vidonge, wakapona. Na walipopona, shukrani zililetwa kwangu. Kuku mmoja, ndizi, kopo la karanga. "Dokta alinitazama tu akajua," walisema. Kadiri muuguzi alivyofanya kazi, ndivyo jina langu lilivyokua.

Yule mama hakuwa mjinga. Siku moja alinikamata gatini. "Mwenzangu," aliniambia, na alivyolitamka neno hilo watu wote wa gati waligeuka, "unanijazia wagonjwa mpaka nje. Basi na wewe njoo Jumapili ufagie." Nikaenda kufagia. Majirani walioniona na ufagio mlangoni mwa kituo wakaambiana kwamba sasa Dokta ameanza kukagua usafi.

Siwezi kusema cheo hakikuwa na faida. Siku za salongo, Jumamosi asubuhi mtaa unapotoka kufyeka majani na kuzibua mitaro, kiongozi wa mtaa alinikataza kushika panga, akisema mikono ya daktari haikatiki ovyo. Kwenye sahani ya wali na sombe, yale majani ya muhogo, kipande kikubwa cha samaki kilielekea upande wangu. Lakini kila faida ina bili yake. Palipotokea msiba, mchango wangu uliandikwa kwenye orodha ya watu wenye vyeo, pamoja na mwalimu mkuu na mfanyabiashara wa saruji, wakati mimi nilikuwa nahesabu franka za kununulia silabusi, zile noti za somo ambazo kwetu mwalimu huzichapisha na mwanafunzi huzinunua. Nimekula karanga za wagonjwa wiki nzima kwa sababu ya msiba wa mtu nisiyemjua.

Halafu likaja koti jeupe.

Kwa mazoezi ya maabara kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na koti jeupe. Mama alilishona mwenyewe Kibombo, akalituma na msafiri, refu, limepigwa pasi, na mfukoni ametarizi herufi za jina langu. Ningelikunja kwenye mfuko wa plastiki kama walivyofanya wenye akili. Ila asubuhi ya maabara mvua ilikuwa inanyesha, mfuko wa plastiki ulikuwa umefunika silabusi, na silabusi ndiyo iliyokuwa na deni. Koti nikalivaa.

Mtumbwini nilikaa karibu na mama mwenye bidoni za mawese. Wasioyajua mawese ya Maniema wajue kwamba ni mekundu, mazito, na hayana haya: yakishika nguo, nguo imebadilisha kabila. Kifuniko cha bidoni moja kilikuwa kipande cha mfuko kilichofungwa na kamba. Katikati ya mto likaja wimbi la baleinière, boti kubwa ya mbao, iliyokuwa ikipita, mtumbwi ukainama, sote tukaita majina ya Mungu kwa dini zetu mbalimbali, bidoni ikalala mapajani pangu. Kuanzia kifuani hadi magotini, nikawa mwekundu. Mama wa mawese alilia. Nilidhani ananililia mimi, kumbe anayalilia mafuta.

Maabara nilifukuzwa, kwa haki, kwa sababu ya harufu. Ikabidi nirudi mapema kwa mtumbwi wa mchana, koti lile likiwa bado mwilini kwa kuwa ndani yake shati nalo lilikuwa limekwisha. Nikapanda mtaa wa gatini polepole, nimechoka, kichwa chini, mikono myekundu nimeitenga na mwili. Watu wakasimama. Mzee mmoja akavua kofia. Wanawake waliokuwa wanatwanga sombe wakaacha mchi juu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshafika, kwa desturi yake: Dokta amempasua mtu leo, kazi ilikuwa ngumu, ila mgonjwa yuko hai. Mama mwenye nyumba alikuwa amenipashia maji ya kuoga na kuwafukuza watoto uani ili nipumzike. Nilieleza habari ya bidoni. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Alinisikiliza kwa huruma, kisha akawaambia dada zake, "Mnaona? Hawaruhusiwi kusema."

Baada ya hapo usiku haukuwa wangu tena. Mlango uligongwa saa nane. "Dokta, amka, uzazi umekwama!" Nilitoka mbio na tochi, na huku moyo ukinienda mbio kuliko miguu nikamtuma kijana wa jirani akamwamshe muuguzi. Sala nilizosali njiani, mwendo wa nyumba tatu tu, sijazisali tena tangu siku ile. Tulipofika, mzazi alikuwa mbuzi. Sijawahi kumpenda mnyama kama nilivyompenda mbuzi yule kwa kuwa mbuzi. Alizaa pacha bila msaada wangu, na muuguzi alipofika amefunga kitenge juu ya nguo za kulalia, alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, akaketi chini akacheka mpaka akashika ukuta. Mtoto dume aliitwa Dokta. Aliuzwa Krismasi.

Lakini aliyenipatia mitihani ya kweli ni mwenye mtumbwi. Papa huyu ni Mgenya, na Wagenya ndio wenye mto tangu zamani. Alikuwa hanitozi nauli, nami nilikuwa naona ni heshima, kumbe ni malipo ya awali. Asubuhi ya mtihani wa kemia, katikati ya Lualaba, alizima injini, akanijia akivuka abiria, akachuchumaa mbele yangu, akafungua kinywa. "Hili la nyuma," alisema, kwa jinsi mtu anavyoweza kusema mdomo ukiwa wazi. Mtumbwi ukaanza kuteremka na maji kuelekea Ubundu, ambako ni zaidi ya kilomita mia tatu. Nikatazama. Jino lilikuwa limeoza vizuri sana. Nikasema linahitaji kung'olewa. "Ng'oa basi." Nikasema sina koleo. Fundi pikipiki aliyekaa nyuma akafungua mkoba wake, akatoa koleo, akaifuta kwenye suruali, akanipa. Abiria wote wakasogea kuona. Ilinibidi kueleza, huku mji wa Kindu ukizidi kuwa mdogo nyuma yetu, kwamba jino haling'olewi mgonjwa akiwa hajapigwa ganzi, kwamba ganzi iko kituoni, kwamba na injini nayo tafadhali. Akanielewa. Injini ndiyo haikuelewa. Iliwaka baada ya kubembelezwa sana. Nilifika ukumbini karatasi zimeshagawiwa, na mwalimu akaniuliza mbele ya wenzangu kama mgonjwa anaendeleaje.

Jioni nilimsimulia mwenzangu wa chumba, aliyekuwa anasoma historia katika chuo cha ualimu na hakuwa na jambo asiloliwekea mwaka. Akaniambia mimi si dokta wa kwanza kupatishwa taabu na mitumbwi ya mto huu. David Livingstone, alisema, mtoto wa Blantyre, mji mdogo wa Uskoti karibu na Glasgow, alianza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa na miaka kumi, kitabu amekiegemeza juu ya mashine, mpaka akaupata udaktari mwaka 1840. Mwisho wa Machi 1871 akafika Nyangwe, hapa hapa Maniema, juu ya mto kutoka kwetu. Alitaka kuvuka Lualaba, akidhani huenda ndiyo Nile. Akakaa miezi kadhaa akitafuta mtumbwi, asipewe. Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa na wapagazi waliotoroka tangu 1867. Dokta bila dawa, anabembeleza mtumbwi. Aliondoka Julai, baada ya mauaji ya sokoni ya tarehe 15, na hayo si ya kuchekea.

"Yeye alikwama kwa kukosa mtumbwi," mwenzangu alisema akigeukia ukuta alale. "Wewe umekwama ndani yake." Nikakosa jibu, jambo ambalo kwa mtu wa Kibombo ni nadra.

Kemia nilifaulu kwa taabu. Leo ni daktari kweli, shahada iko ukutani, na mara kwa mara kazi hunivusha Alunguli. Jino la Papa lilishang'olewa zamani na yule muuguzi. Mtumbwi ni mwingine, injini nafikiri ni ile ile. Nauli ananitoza kamili, na nikimkumbusha siku zile anajibu kwamba siku zile nilikuwa mwanafunzi, sasa nina mshahara. Habari za mshahara wa daktari na lini unafika, tusiharibu mchana kwa hizo.

Basi wewe mzazi unayemleta mtoto wako Kindu mwaka huu kuanza udaktari, mpangishie Alunguli, watu ni wema na chumba ni nafuu. Koti lake lifunge kwenye mfuko. Na akiulizwa anasoma nini, mfundishe kusema hesabu. Sijasikia bado mtu aliyegongewa mlango saa nane za usiku kwa ajili ya hesabu.