Inabebeka, Ukiwa na Mabega

Mwaka 1981 Adam Osborne aliwaletea Wamarekani kompyuta ya kubebeka. Na kweli ilibebeka; hata gunia la mkaa hubebeka, muulize mchukuzi. Osborne 1 ilikuwa na takriban kilo 11, mpini wa kushikia, na sifa ya kutoshea chini ya kiti cha ndege. Miguu ya abiria itafute pa kwenda.

Betri haikuwamo, hivyo uhuru wa msafiri ulianza pale alipoona soketi. Kioo kilikuwa cha inchi 5. Kilionyesha herufi 52 kwa mstari, na aliyeandika mstari mrefu zaidi aliusogeza kushoto na kulia ili aone alichosema. Lakini tusimnyime haki yake: kwa dola 1,795 ulipewa mashine pamoja na WordStar na SuperCalc, programu ambazo wengine walikuuzia moja moja huku wakitabasamu. Watu walipanga foleni.

Septemba 1983 kampuni ikafilisika. Wanaosimulia humlaumu Osborne kwa kutangaza toleo jipya kabla halijafika dukani, wateja wakakaa kusubiri na la zamani likadoda. Wafanyabiashara hata ugonjwa huo wameupa jina lake. Kumbe tangu 1982 wapinzani wake walikuwa wakiuza Kaypro, mashine ya kubebeka yenye kioo cha inchi 9. Hilo halisimuliwi sana, kwani mdomo wa bosi unachekesha kuliko rula.