Jirani Ana Pembe, Mtoto Ana Dansi

Nilipohamia Cardiff niliambiwa nitapata tabu ya mambo mawili: mvua na bei ya samaki. Hakuna aliyenitajia pembe.

Nyumba za mtaa wetu zimebanana ubavu kwa ubavu kama abiria wa daladala, na ukuta wa kati ni mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya mimi ndiye ninayemwitikia. Ni mzee mstaafu, mtu wa salamu, mtu wa kukugongea mlango akuletee boga la bustanini kwake. Sasa mzee huyu, badala ya kustaafu kama wazee wenzake, amejichongea kitu kinaitwa pibgorn. Kwa Kiwelisi pib ni filimbi na corn ni pembe. Alinionyesha kwa furaha ya mtu aliyepata mjukuu: kijiti kilichotobolewa matundu sita juu na moja chini la kidole gumba, mwisho wake pembe ya ng'ombe, imeachama kama mdomo wa chura, na mwanzo wake kipande kingine cha pembe, ndicho anachokibandika mdomoni. Ndani mnajificha ulimi wa tete. Ulimi huo haugusani na midomo, basi mpigaji hawezi hata kuunyamazisha kidogo. Anahifadhi pumzi mashavuni huku anavuta nyingine puani, na sauti haikatiki. Yeye anapumua. Mimi ndiye nisiyepata pa kupumulia.

Na sauti yenyewe? Chukua nyigu, mfungie kwenye kopo la maziwa, halafu mwambie kodi imepanda.

Asije mtu akasema mimi si mtu wa Pwani, sijui ngoma. Nimekulia Tanga, zumari naijua tangu sijatahiriwa. Nimemwona mpiga zumari mashavu yamemvimba kama kaficha maandazi mawili, na nimewaona mashangazi zangu wakisahau maradhi yote ya miguu. Lakini mpiga zumari wa kwetu analipwa, anakula pilau yake, anakwenda zake. Huyu anaishi hapa.

Nilijaribu kumwendea kwa adabu. Nikamwambia kwetu mtu hapigi mluzi usiku, anaita nyoka. Akatoa daftari, akaniuliza ni wimbo gani hasa unaowaita.

Zamani, katika karne ya 18, ala hii ilikuwa ya vijana wachungaji wa kisiwa cha Anglesey. Naelewa kabisa. Malishoni, mwenye kulalamika ni kondoo. Na kwenye makumbusho ya St Fagans, hapa hapa nje kidogo ya mji, wanazo za kale, nazo zimenyamaza kama inavyotakiwa.

Basi juzi binti yangu akarudi na barua ya shule: darasa lao litacheza dansi ya mabaharia, honpaipu. Moyo ukaruka. Honpaipu ndilo jina la Kiingereza la balaa la jirani! Nikasema Mungu si Athumani. Mzee atakwenda shuleni, atapiga mpaka roho yake itulie, tutapumzika.

Nikaenda kwenye mazoezi, nikakuta fidla. Mwalimu akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mtu habari za msiba. Dansi iliazima jina kwa filimbi ya pembe miaka mingi nyuma, ikaondoka nalo, haikurudi. Melini walicheza kwa fidla au kwa filimbi ya kawaida. Hata Handel, kwenye muziki aliompigia mfalme juu ya mto Thames mwaka 1717, alitia honpaipu, na pembe ya ng'ombe haikuwamo. Mfalme akaupenda muziki ule akataka urudiwe, ukapigwa mara tatu. Wafalme hawana majirani.

Dansi yenyewe nakiri ina akili. Haihitaji mwenzi, na nafasi ya mkeka mmoja inatosha, basi ikawafaa watu wa melini. Mikono unaikunja kifuani, miguu ndiyo inayohangaika. Kisha unavuta kamba ambayo haipo, unaweka kiganja juu ya paji la uso kutafuta nchi kavu, unapandisha suruali mbele na nyuma. Inasimuliwa kwamba Kapteni Cook aliwachezesha mabaharia wake ili wasiugue.

"Na wewe, kwa kuwa umetoka pwani ya Waswahili," mwalimu akasema, "utatuchezea nahodha."

Mimi! Mimi ninayetapika kwenye boti ya Unguja kabla haijatoka bandarini Dar! Nilipomsimulia mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Baharia gani wewe, baba watoto?" Mwenye kujua "baharia" wa vijiweni vya Bongo ana maana gani ataelewa kwa nini sikujibu neno.

Sasa binti anajifunzia kwenye video ya tamasha la London, pale wanapopiga zile nyimbo za bahari alizozipanga Henry Wood mwaka 1905. Kwenye honpaipu muziki unazidi kasi, ukumbi mzima unapiga makofi na kukanyaga miguu, wanashindana na okestra. Binti naye anashindana na okestra, juu ya mbao, juu ya kichwa changu. Ukutani pembe, darini dansi. Jina moja, na hata mwendo hawapatani.

Jumamosi nikaona bora niwakutanishe, makelele yote yaishe kwa mkupuo. Nikamkaribisha mzee, nikamwekea chai ya tangawizi. Akaanza vizuri. Lakini pibgorn ina noti nane tu, na wimbo ulipopanda ngazi, mzee akafika ukutani. Akakodoa macho, mashavu yamejaa, ananguruma pale pale kwenye noti ya mwisho, na binti yangu mguu mmoja hewani anasubiri dunia iendelee.

Nikamgeukia mke wangu tushirikiane kuhuzunika. Nikakuta ameshajifunga leso kiunoni. Kigelegele alichopiga kilimfanya mzee aangalie dari kutafuta king'ora cha moto.

Mzee akasema atachonga nyingine, yenye sauti za juu zaidi, ila pembe nzuri zinamsumbua kupata.

Ninavyoandika hapa, mama watoto yuko kwenye simu na kaka yake Tanga. Namsikia anamwambia aende machinjioni mapema, achague zilizojipinda vizuri, na asilete moja, alete jozi.