Sifa za Gari Lililolala Chini

Kipimo ni vidole. Kijana akiipeleka Axio yake gereji, Malindi au Kilifi mjini, akasema anataka ishushwe, fundi hahangaiki na futi kamba. Anachuchumaa, anapenyeza mkono kati ya tairi na madigadi, kisha anauliza: nikuachie vitatu, viwili au kimoja? Lilivyotoka kiwandani Japani, nafasi hiyo humeza kiganja kizima na bado upepo ukapita, na tumbo la gari liko milimita 150 hivi kutoka ardhini. Watu wa hesabu huridhika na hapo. Mimi nimekuja kuwasifu wasioridhika.

Tuanze na adabu. Barabara ya Mombasa hadi Malindi ina matuta karibu kila penye soko au shule, na matatu huyaruka kana kwamba yaliwekewa watu wengine. Gari lililoshushwa halina jeuri hiyo. Likikaribia tuta la Matsangoni hupunguza mwendo mapema, huwasha indiketa zote mbili, kisha hupanda kimshazari, gurudumu moja kwanza na la pili likifuata, kwa mwendo ambao mzee mwenye mkongojo angeupita. Nyuma yake foleni inajipanga: tuktuk, lori la chumvi kutoka Gongoni, basi la Lamu, bodaboda mbili zenye haraka zao. Hapo ndipo mchuuzi wa korosho anapopata riziki. Gari refu humpita akiwa bado ameinua mfuko hewani. La chini humpa wasaa wa kutaja bei, kubishana, kurudisha chenji na kuuliza hali ya nyumbani. Serikali hujenga matuta ili watu waende polepole. Ni gari hili peke yake linalotii bila kusimamiwa na askari.

Likipakia abiria, adabu huzidi. Dereva hugeuka nyuma: "Mama, niwie radhi, shukeni kidogo nipite hapa."

"Haya, mwanangu. Si ungetwambia tuje kwa miguu tangu Gede?"

Wanashuka wote wanne na nguo zao za harusi, wanatembea hadi ng'ambo ya tuta, wananyoosha magoti, wanaamkiana na watu wa pale. Daktari akikuagiza utembee kila siku anakutoza. Huku unatembezwa bure, na gari linakungoja mbele.

Ufundi wenyewe nao hausifiwi inavyostahili. Mwenye pesa hununua springi fupi pamoja na shokabzoba zenye nyuzi, akawa anapandisha na kuteremsha kwa spana. Asiye nazo hukatiwa springi za kiwandani kwa grainda, na hapo hutokea muujiza ambao wengi hawaujui: springi ikipunguzwa mizunguko, iliyobaki huwa ngumu zaidi, kwa kuwa chuma cha kunyumbuka kimepungua. Mteja amelipa aondolewe kitu na ameongezewa ugumu juu yake. Wako pia wanaoichoma springi kwa moto wa gesi mpaka ilegee na kujikalia. Chuma kilichochomwa hivyo hupoteza ukakamavu wake, kwa hiyo gari huendelea kujishusha lenyewe mwezi baada ya mwezi, na fundi hadai nyongeza. Shokabzoba iliyoundwa kwa safari ndefu ya kupanda na kushuka sasa ina safari fupi. Ikiisha, inagonga raba, na raba ikiisha, anayegongwa ni wewe. Uti wa mgongo unapata habari za lami moja kwa moja bila mkalimani. Tairi zinainama na kuliwa upande wa ndani tu, na kwa kuwa wa nje unabaki mpya, kila anayelitazama gari limeegeshwa humpa mwenyewe heko kwa utunzaji.

Si mzaha mtupu. Kitovu cha uzito kikiteremka, gari haliyumbi sana kwenye kona, na hilo dereva yeyote wa mashindano atakuthibitishia. Taabu ni kupata hizo kona. Ukitoka Kilifi kwenda Malindi barabara inaambaa msitu wa Arabuko-Sokoke ikiwa imenyooka sehemu kubwa, hivyo faida hiyo inabidi uiweke akiba. Wazee wetu hawakulijua jambo hili. Wao walihusudu Peugeot 504, gari la juu lenye springi laini, na lilipochukua Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978 wakadhani ubishi umekwisha. Kushinda kwenye mashimo ni rahisi ukiwa huyagusi.

Wenzetu wa ng'ambo wamejaribu kuubana uungwana huu kwa sheria. Japani, yanakotoka magari yenyewe, ukaguzi hautaki tumbo la gari liwe chini ya sentimita 9 kutoka ardhini. California, mwishoni mwa miaka ya 1950, waliandika kwamba sehemu yoyote ya gari isishuke kupita ukingo wa chini wa ringi. Ron Aguirre wa San Bernardino akawajibu mwaka 1959: alitia kwenye Corvette yake pampu za haidroliki zilizotoka kwenye ndege, akawa analiinua gari akimwona askari na kulilaza askari akishapita. Jibu la werevu, lakini la mtu mwenye wasiwasi. Kijana wa Kilifi hana pampu. Amelala alipolala, na mawe ya tumbawe yaliyochomoza kwenye njia za ndani za Watamu ndiyo yanayomkagua. Siku tangi la petroli likitobolewa na mojawapo, hupangusa, akasugua sabuni ya kipande kwenye ufa mpaka tone likome, akaendelea na safari huku gari likinukia kufua.

Elimu je? Kivuko cha Kilifi kilikoma daraja lilipofunguliwa mwaka 1991, na hasara iliyoipata akili ya dereva haijapimwa hadi leo. Bahati nzuri Likoni bado ipo. Bahari yetu wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yakipwa, njia ya kuingilia feri huteremka wima kiasi kwamba bampa ya mbele huchora mstari kwenye chuma, ya nyuma ikaufuata. Kwa hiyo kijana mwenye safari ya Diani hutazama mwezi kwanza. Ukiandama au ukiwa mpevu, haendi. Hungoja nusu ya mwezi, maji yakiwa mafu, na hata hapo hufika saa ya maji kujaa. Nimemsikia mmoja barazani akibishana na nahodha wa ngalawa juu ya saa ya kupwa, na nahodha ndiye aliyekosea. Mwenye Prado hupanda feri saa yoyote, na ukimuuliza mwezi uko wapi atakuonyesha simu.

Limebaki swali la mnunuzi: gari la kila siku lishushwe kiasi gani? Waoga wana jibu tayari. Tafuta tuta kubwa kuliko yote kati ya kwako na kazini. Pima gari likiwa limejaa watu na magunia, si likiwa tupu gereji, kwani springi hubonyea kwa mzigo. Usisahau kwamba sampu na ekzosi huwa chini kuliko milango unayoitazama. Ukishapata nafasi ya kupita bila kugusa, acha vidole vitatu, lipa, nenda zako. Ushauri huu hauna kasoro, ndiyo maana hakuna anayeukariri barazani. Hakuna mtu aliyewahi kusimamisha mazungumzo ili kulitazama gari la vidole vitatu likipita.

Kimoja ndicho kipimo cha mapenzi. Mwenye kimoja atalitumia gari lake kila siku, isipokuwa masika, vichochoro vya Malindi vikijaa maji na haonekani nani ameacha jiwe wapi, isipokuwa bamvua, isipokuwa siku ya kumpeleka bibi kliniki, maana kuingia bibi huingia lakini kumtoa ni kazi ya vijana watatu, isipokuwa siku ya kubeba simenti, au jirani akimwaga kifusi langoni. Siku hizo huita tuktuk. Mwenye tuktuk hufika kabla simu haijakatwa, akamfungulia mlango kwa heshima zote, akaisifu ile Axio iliyolala kivulini mwa mwarobaini, kisha akamuuliza kwa upole kama hajafikiria kukiondoa na hicho kidole kimoja kilichobaki.