Usibofye Misumari, Bofya Pembeni

Kompyuta za kazini zina masharti yake, na mgeni hazimkubali mpaka afundwe na mwenyeji. Siku niliyoitwa kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi huko Mbagala kutazama mfumo wa mauzo, nilimkuta keshia mpya anafundwa. "Ukitaka kuuza misumari," mwenyeji wake alimwambia, "usibofye neno misumari. Usibofye picha, wala bei. Bofya hapa pembeni, kwenye hii nyeupe." Binti akaitikia kwa adabu, bila kuuliza kwa nini.

Mfumo ulikuwa wa Windows Forms, teknolojia ya Microsoft iliyotoka 2002 na ambayo bado ipo kazini. Kila bidhaa ilikuwa na kadi: picha, jina, bei, na ukingo mwembamba kama uzi. Aliyeitengeneza aliiagiza kadi kwamba ikibofywa iingize bidhaa kwenye risiti. Picha na maandishi hakuviagiza chochote. Tatizo ni kwamba kwa Windows kila kimoja kati ya hivyo ni dirisha linalojitegemea, na mbofyo hupewa kile kilicho chini ya ncha ya mshale, si kadi iliyokibeba. Mgeni anabisha hodi, mtoto anaitikia "karibu" na kurudi kwenye gololi zake, na mama jikoni hana habari kabisa.

Mwenye duka alikuwa ameshajitibu. Alinunua kipanya kipya, kisha kingine cha bei zaidi. Kilichomtia hasara kubwa, hata hivyo, ni rangi. Kadi ilitakiwa kugeuka njano mshale unapoingia, na iligeuka kweli. Ila mshale ulipopita juu ya picha, kadi iliarifiwa kwamba umeondoka, ikarudi kuwa nyeupe. Mshale ukifika ukingoni, njano tena. Ukiuburuta kutoka mabati hadi nondo, skrini nzima inapepesa. Fundi mmoja akatoa hukumu kwamba kioo kinakufa, akamuuzia kingine. Kwa kuwa kipya kilikuwa kikubwa, kikapepesa vizuri zaidi.

Dawa yenyewe si ndefu. Unaandika amri inayoingia ndani ya kadi, inamshika kila mtoto na watoto wa mtoto, na kuwaagiza: mkibofywa, mwambieni mzazi. Wanaozaliwa baadaye, mfano lebo ya punguzo ambayo hutokea siku za ofa tu, nao waagizwe pale pale wanapoongezwa. Kuhusu rangi, kadi isiamini habari za kuondoka mpaka imeuliza mshale uko wapi hasa. Kinachochosha ni vipimo. Mbofyo uliogusa bei hupimwa kuanzia kona ya bei, si kona ya kadi, na usipovigeuza, menyu ya saruji inafunguka juu ya rangi za mafuta.

Vijana wanaotengeneza tovuti hunicheka nikiwasimulia. Kwao habari hupanda zenyewe, kutoka kwa mtoto hadi kwa babu wa mababu. Zamani, kati ya vivinjari, Netscape ilizishusha kutoka juu na Internet Explorer ikazipandisha kutoka chini, mpaka Novemba 2000 W3C, shirika la viwango vya wavuti, lilipoweka kiwango kinachokubali yote mawili: mbofyo unashuka kwanza, halafu unapanda. Huwa nawaacha wacheke. Siku wakiweka kitufe cha "Futa" ndani ya kadi, mteja atafuta oda na papo hapo atafunguliwa oda ile ile aliyoifuta, kwa sababu hakuna aliyemwambia mtoto anyamaze.

Nilipokabidhi kazi, keshia mwenyeji akabofya pembeni.

"Popote, dada," nikamwambia. "Hata picha sasa inakubali."

Akajaribu. Ikakubali. Akanuna.

Kumbe akipiga soga na wateja alikuwa anaegesha mshale juu ya picha, mahali pekee pa salama. Kiwiko kikigusa kipanya, hakiuzi kitu. Alasiri ile ile fundi aliyekuja kununua gundi akatoka na risiti yenye nondo. Simu yangu ikaita.

"Kaka," keshia akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwishasamehe, "ile nyeupe ya pembeni, huwezi kuifanya sasa iwe ndiyo isiyofanya kazi?"