Waraka kwa Magavana wa Migori na Homa Bay: Watoto Walio Mikononi mwa Nyanya Zao

Kwa Mheshimiwa Gladys Wanga, Homa Bay,
na Mheshimiwa Ochilo Ayacko, Migori,

Waheshimiwa, nawaandikia kutoka Rongo, huku kaunti zenu zinakopakana.

Huku kwetu nyanya husifiwa sana matangani. Kiongozi akishika kipaza sauti, hamsahau yule mkongwe aliyezika wanawe na sasa analea wajukuu. Sifa hizo ni haki yake. Ila Jumatatu akimpeleka mjukuu hospitalini, haulizwi alisifiwa na nani. Anaulizwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kama bima ya afya ya SHA imelipwa. Majibu ya maswali hayo mawili hayapatikani matangani.

Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua malezi ya jamaa pamoja na malezi ya kambo. Mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watolewe katika makao ya mayatima warudi kwenye familia. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini familia yenyewe mara nyingi ni nyanya huyohuyo, na hakuna aliyemuuliza ana nini jikoni.

Nawaomba mfanye hesabu pamoja nami. Ruzuku ya mayatima ya mpango wa serikali wa Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya, wawe watoto wawili au sita. Kiwango cha chini cha SHA ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja: 3,600. Nyanya akipokea ruzuku ya miezi miwili, yaani 4,000, akalipia bima, anabaki na 400. Zahanati haitozi, ni kweli, lakini mtoto anayehitaji kulazwa hatibiwi zahanati.

Hali yetu si siri. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta virusi vya UKIMWI kwa asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay na asilimia 13 Migori, wakati nchi nzima ilikuwa 4.9. Ruzuku ya mayatima ilipofanyiwa tathmini kuanzia 2007, kaunti hizi zote mbili zilikuwamo, enzi hizo zikiwa wilaya. Tumehesabiwa vya kutosha.

Kisha mapema 2025 Marekani ikasitisha misaada yake. Miradi iliyokuwa ikiwafuata watoto hawa hadi nyumbani, ikijua nani ameruka dawa na nani ameacha shule, ikayumba au ikafungwa. Waheshimiwa, mtoto wa Ndhiwa au Nyatike hakupaswa kujulikana zaidi na mfadhili wa ng'ambo kuliko na kaunti yake.

Fikirieni mtoto anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi. Nyanya yake akifariki Sindo, shangazi humchukua Awendo. Anapakiwa nguo, anapandishwa matatu. Faili lake linabaki Sindo. Amevuka mpaka wa kaunti, na kliniki ya huku haina habari naye hadi augue. Ninyi wawili mnaweza kukubaliana, bila kungoja Nairobi, kwamba kliniki inayompoteza mtoto impigie simu ile inayompokea.

Najua nitajibiwa kwamba idara ya watoto iko chini ya serikali ya kitaifa. Ni kweli. Lakini afya ni yenu tangu 2013, na mtoto mgonjwa hajigawi kati ya serikali mbili. Mnao tayari wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao posho yao ya shilingi 5,000 mnaichangia nusu. Hao huingia kila boma. Waagizeni waandike nani anamlea kila mtoto, kama ana cheti, na anatibiwa wapi. Majina hayo yafike kwa msajili wa vizazi na kwa ofisa wa watoto, ili nyanya asitumwe kwa chifu, arudishwe, kisha atumwe tena, kila safari kwa nauli yake. Wale wasiomudu bima, kaunti iwalipie.

Bajeti zenu hupitishwa kabla ya Juni kwisha. Naomba mtujibu kwa maandishi: ni kifungu kipi humo kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto anayelelewa na asiye mzazi wake, na kina shilingi ngapi?

Wenu kwa heshima,
Mkazi wa Rongo