Sifa za Bwana Kosa

Naomba tusimame: anaingia Bwana Kosa. Tumeishi pamoja miaka mingi, mimi, yeye na kalamu nyekundu, katika shule moja hapa Kakamega ninakofundisha Historia. Sijaona mtiifu kama yeye. Nikimfukuza Ijumaa, Jumatatu amefika kabla ya kengele.

Kwanza, hapendi ufujaji. Uingereza ilikuwa na akina Chamberlain wawili: Joseph, waziri wa makoloni aliyependekeza mwaka 1903 Wayahudi wapewe ardhi huku Afrika Mashariki, na mwanawe Neville, waziri mkuu aliyemfuata Hitler Munich mwaka 1938. Bwana Kosa huuliza: wawili wa nini? Ni kweli Joseph alifariki mwaka 1914, lakini kifo ni nini mbele ya insha ya kurasa mbili? Mzee anafufuka, anapanda ndege, anampa Hitler mkono akiwa na umri wa miaka 102. Sisi Waluhya tunajua kuzika, kwa isukuti na fahali, lakini hata kwetu marehemu hajawahi kurudi kazini baada ya miaka 24, tena kwa cheo kikubwa zaidi.

Fadhila nyingine ni ndogondogo. Humpa Churchill ushindi wa Attlee katika uchaguzi wa 1945. Huwapanga Waingereza foleni kumpigia kura waziri mkuu, kama sisi na rais wetu.

Halafu huandika "Waingereza walichukua ardhi", akaweka nukta. Waingereza gani, jamani? Sheria ya 1930 iliahidi kwamba ardhi ya rizavu ikitwaliwa, wenyeji watapewa nyingine. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana hapa hapa Kakamega. Kufika mwisho wa 1932 sheria imegeuzwa, fidia imekuwa pesa. Waziri wa makoloni aliyeitetea alikuwa Philip Cunliffe-Lister, katika serikali ya nusu mkate ya waziri mkuu Ramsay MacDonald, ambaye chama chake cha Labour kilikuwa kimemfukuza. Watu wenye majina! Na huko huko kwao wapo waliowapinga bungeni.

Muhula uliopita msichana mmoja wa upande wa Rosterman, kulikokuwa na mgodi, aliinua mkono: "Mwalimu, ni nani hasa aliyeamua?" Kijitabu cha marudio kilisema "Waingereza". Wastani wa shule ulikuwa umebandikwa mlangoni kwa mwalimu mkuu, na somo langu lilikuwa chini kabisa.

"Hilo halitahiniwi," nikamjibu.

Akaandika "Waingereza". Nikampa tiki.