Thamostati Mshtakiwa

Injini ya Hiace kuukuu ikichemka kwenye barabara ya Lubumbashi–Kasumbalesa, huachwa ipoe kwanza. Anayefungua rejeta ya moto hupimwa yeye, hospitalini. Kisha hukaguliwa maji, mipira, feni, pampu na mfuniko. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 tu, hivyo mfuniko usioshika presha ni ugonjwa tosha. Mapovu yasiyokoma rejetani huishtaki gasketi ya hedi. Gereji za kando ya njia zina elimu fupi zaidi: thamostati hung'olewa kwa kosa la kuwepo, injini ikaanza kubugia mafuta, na konda hukabidhiwa kidumu cha maji. Geji ya joto haitoi ushahidi. Mshale wake ulikufa zamani, ukielekeza kwenye baridi.